Chakula Kilipopoa Juu ya Bomba

Mama Joto alifungua mkebe wake, akachota maharage, akatia kinywani, kisha akaacha kutafuna. Maharage yalikuwa ya baridi.

Hakuwa mtu wa kudekea chakula. Aliwahi kula viporo vya watoto wake akiwa amesimama mlangoni, akaenda kazini bila kunung'unika. Lakini mkebe huu ulikuwa umekaa juu ya bomba tangu asubuhi, na tangu mgodi ule ufunguliwe, hakuna mtu aliyekula chakula cha baridi kilichotoka juu ya bomba.

Mgodi wenyewe ulikuwa wa wazi: shimo pana lililoteremka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na upana wa kutosha malori mawili kupishana. Ardhi yake ilikuwa ya moto. Chini ya mwamba maji yalichemka mchana na usiku pasipo kuni, na mvuke wake ulitafuta njia ya kutokea. Ndiyo maana, kabla ya ngazi mpya kuchimbwa, wachorongaji walitoboa matundu marefu na kusimika humo mabomba ya chuma, ili ardhi ipumue taratibu badala ya kupiga chafya mara moja. Bomba la kona ya kusini lilikuwa kongwe kuliko yote. Wafanyakazi walilifanya jiko lao. Kila asubuhi walipanga mikebe yao kuzunguka mdomo wake, na wakati wa mapumziko kila mmoja alichukua wake ukifuka moshi.

"Nani amehamisha mkebe wangu?" Mama Joto aliuliza.

"Hakuna aliyeugusa, Mama," alijibu dereva wa boza, lile lori la tangi la maji, mwanamume mnene aliyemwagia maji barabara za mgodi na maneno masikio ya watu. "Bomba limezeeka. Siku hizi linatugawia uvuguvugu tu, na leo hata huo limetunyima."

"Ardhi imechoka kutupikia bure," alidakia fundi baruti. "Inataka mshahara na likizo."

Wote wakacheka. Mama Joto hakucheka. Kazi yake ilikuwa kupima joto la ardhi. Alitembea na kipimajoto chenye waya mrefu, akiutumbukiza katika matundu, na kila alipopima alisimika bendera: ya kijani kwa mahali salama, ya njano kwa mahali pa kungojea, na nyekundu kwa mahali ambapo mtu hapaswi kukanyaga. Nyekundu iliondolewa na mkono ule ule ulioisimika, si mwingine, na hata huo ulingoja mhandisi akubali. Kwa kipindi kirefu alikuwa akipima upande wa kaskazini. Asubuhi hiyo aliletwa kusini kwa sababu mpimaji wa huku alikuwa mgonjwa.

"Uvuguvugu huo ulianza lini?"

"Kidogo kidogo tu," alisema dereva wa boza. "Mwanzoni chakula kiliunguza ulimi. Baadaye ikawa mpaka tusubiri. Sasa ndiyo hivi."

Mama Joto alisogea akaona kitu ambacho asubuhi kilifichwa na mikebe. Mdomo wa bomba ulifunikwa kwa bati nene la chuma, na kingo zake zikakandikwa udongo wa mfinyanzi.

"Hili bati la nani?"

"Langu!" dereva wa boza alijibu kwa fahari. "Zamani bomba lilirusha tope kwenye chakula cha watu. Nikalifunika, nikalikandika vizuri, nikaacha kitundu cha kutolea mvuke. Jiko la kisasa, Mama. Mke wangu mwenyewe hana jiko kama hili."

Mama Joto alikitazama kitundu kile. Hakikuwa kitundu tena. Kilijaa ukoko mweupe, mgumu, kama ule unaoganda ndani ya birika la miaka mingi. Akanyoosha waya wake mpaka ukagusa ubavu wa bomba. Namba iliyosimama ilikuwa ya chuma kilichopigwa jua, basi.

"Tokeni hapa," alisema. "Acheni mikebe. Nendeni kwenye kibanda cha juu, na mtu asiguse bati hili."

"Mama, ni bati tu."

"Nimesema tokeni."

Kwa jinsi alivyolisema neno hilo, hata fundi baruti alimeza utani wake.

Mama Joto alikumbuka vipimo vya asubuhi. Matundu yote yaliyo karibu na bomba yalikuwa yamepoa kuliko alivyotarajia. Msimamizi wa zamu, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Haraka alipokuwa hayupo, alifurahi mpaka akapiga makofi. Ardhi imepoa, alisema. Leo tunafungua ngazi ya chini kabisa. Na aliyechaguliwa kuendesha kijiko, ile mashine kubwa yenye mkono wa chuma wa kuchota udongo, alikuwa binti yake Mama Joto. Msichana huyo alikuwa amesukuma vifusi juu kule muda mrefu akingoja siku moja tu ya kuonyesha kwamba anaweza. Siku yenyewe ilikuwa hii. Akichota vizuri, angekuwa dereva kamili.

Mama Joto aliteremka hadi mwisho wa ngazi ya chini, chini ya ukuta wa mwamba, penye tundu la zamani ambalo halikuwa katika mpango wa siku hiyo. Akateremsha waya polepole. Namba zikapanda. Alingoja zitulie, lakini hazikutulia. Zilipanda kama mtu anayekimbilia darini. Akautoa waya, akatazama chini. Katika vumbi kavu palikuwa na mstari mwembamba wa unyevu, na ndani yake mapovu madogo yalivimba na kupasuka.

Joto halikuwa limeondoka. Lilikuwa limehama.

Alishika redio ya mkononi, akamwita mhandisi aliyekuwa ofisini juu ya shimo.

"Mhandisi, geji zako za presha zinasemaje?"

"Zimetulia, Mama. Kwa nini?" Mhandisi alikuwa na mafua, na sauti yake ilitokea puani.

"Ziko upande gani?"

Redio ilikwaruza. Ikasikika chafya.

"Kaskazini, zote. Huko kusini tulitegemea bomba lenyewe. Likipumua, tunajua pako salama."

"Halipumui. Limeziba, na chini ya ukuta joto linapanda."

"Simamisha ngazi yote," mhandisi alisema mara moja. "Mtu yeyote asichimbe. Ninateremka."

Kabla hajaweka redio kiunoni, Mama Joto alisikia injini ya kijiko ikinguruma. Binti yake alikuwa amekula upesi kuliko wenzake na kurudi kazini. Msimamizi alisimama kando, akimwelekeza kwa mikono: sogea, sogea, hapo hapo.

Sheria ya mgodi ilikataza kukimbia shimoni. Mama Joto hakukimbia, lakini alitembea kama mtu aliyeacha mtoto karibu na kisima. Alifika mahali ambapo dereva angemwona vizuri, akasimika bendera nyekundu kwenye kifusi, akavuka mikono juu ya kichwa. Mkono wa chuma ulikuwa tayari hewani, meno yake yakielekea ardhini. Ulining'inia hapo kwa muda ambao Mama Joto aliuona mrefu. Kisha ukarudi nyuma, ukatulia.

Mlango wa kijiko ulifunguka.

"Mama! Siyo leo, tafadhali!"

"Mama Joto, hii ni nini?" Msimamizi alimjia kwa hatua ndefu. "Asubuhi si wewe uliyenipa bendera za kijani?"

"Nilikupa. Sasa ninazichukua."

"Kwa sababu gani?"

"Chakula kimepoa juu ya bomba."

Msimamizi alimkodolea macho. "Unasimamisha mgodi kwa sababu ya maharage?"

"Maharage ndiyo yaliyoniambia. Kipimajoto kimethibitisha. Bomba limeziba, mvuke umekosa njia, na sasa umelala chini ya ngazi hii unayotaka kuifungua."

"Malori yangu yamepanga foleni huko juu kama wageni wa harusi. Niwaambie nini? Kwamba Mama Joto amekula chakula cha baridi?"

"Waambie hivyo hivyo."

Msimamizi alivuta pumzi, akashusha sauti, akijaribu njia ya upole. "Sikiliza, mama yangu. Tuchote mara moja tu, pembeni. Tukiona mvuke, tunaacha."

"Sufuria inachemka, kifuniko kimekazwa, nawe unataka kukifunua huku umeinamisha uso ili uone kama kuna mvuke. Utauona. Lakini hutakuwa na macho ya kuutazama mara ya pili. Na anayeinamisha uso hapa si wewe, ni dereva wako."

"Dereva wangu ni binti yako. Hapo ndipo penye shida, au siyo?"

Maneno hayo yalimchoma mahali alipoogopa kuchomwa, kwa maana hakuweza kuapa kwamba hofu yake haikuwa na chembe ya umama. Lakini namba zilikuwa zimepanda kabla hajamkumbuka mtu yeyote.

"Hata angekuwa mtoto wa adui yangu," alisema, "bendera ingesimama hapa hapa."

Binti alikuwa ameshasimama kwenye ngazi ya mashine, kofia ngumu mkononi, uso umemwiva.

"Unajua watakavyosema? Watasema umenionea huruma. Watasema mtoto wa mama hawezi kazi bila mama. Mbona jana, alipochimba yule dereva mwingine hapo juu, hukuja na bendera?"

"Jana sikupima huku."

"Kila siku ni sababu!"

"Mwanangu, hapa mimi si mama yako. Mimi ni bendera. Zima mashine, ushuke."

Binti alizima. Ukimya ulipoingia, wote watatu walisikia kitu ambacho injini ilikuwa imekificha: mlio mwembamba, kama wa mtu anayevuta hewa kati ya meno, ukitoka upande wa ukuta. Msimamizi aligeuza kichwa.

"Basi niirudishe mashine juu kwanza," binti alisema, sauti sasa ikiwa ya chini. "Dereva haachi mashine yake shimoni."

"Ukiirudisha utapita juu ya ule mstari wenye mapovu. Sijui ganda la ardhi hapo lina unene gani, na wewe hujui. Iache. Chukua ufunguo, ufuate nyayo zangu."

Binti alishuka shingo upande. Alipita mbele ya msimamizi bila kumtazama, akafuata nyayo za mama yake mpaka barabara ya kupandia, machozi ya hasira yakichora njia katika vumbi la mashavu yake.

Walipokaribia kibanda, walikutana na dereva wa boza akiteremka mbio, sululu begani.

"Nimeliziba mimi, nitalizibua mimi!" alipiga kelele.

"Simama!"

"Ni kosa langu, Mama! Pigo moja tu, ukoko utavunjika!"

"Ni kosa lako, ndiyo. Na ukilipiga pigo hilo, bati litakupeleka nyumbani kabla ya zamu kwisha. Mkeo anakungoja na jiko lake bovu. Weka sululu chini."

Dereva wa boza alisimama katikati ya barabara akihema. Akaiweka sululu chini kwa mikono miwili, taratibu, kana kwamba nayo ingeweza kulipuka.

Mhandisi alifika akijifuta pua. Alitazama bomba kwa darubini kutoka mbali, akasikiliza vipimo vyote bila kumkatiza Mama Joto, akauliza maswali ya maana, akajibiwa. Alieleza kwamba bati lilipunguza kasi ya mvuke. Mvuke uliopungua kasi ukapoa ndani ya bomba, ukaacha humo madini yake na tope, siku baada ya siku, mpaka njia ikajifunga. Dawa haikuwa kuligusa bomba. Ilikuwa kuleta mtambo wa kuchoronga unaoendeshwa kutoka mbali, kuusimamisha ngazi ya juu, na kutoboa kwa mshazari tundu jipya la kupumulia. Mtambo ulikuwa upande wa pili wa mgodi. Ungekuwa tayari kesho.

"Kesho?" msimamizi alisema.

"Kesho," mhandisi alijibu. "Na hadi hapo, barabara hii ni ya Mama Joto."

Mama Joto aliweka kigoda chake katikati ya barabara ya kuteremkia, akasimika bendera ya pili kando yake, akaketi. Alasiri yote madereva wa malori walipita ngazi ya juu wakimtania.

"Mama, yamepata moto hayo maharage?"

"Tukuletee na chumvi?"

"Leteni na maji ya kunywa," aliwajibu. "Sina haraka."

Msimamizi alikuja tena jua lilipoanza kulegea. Mara hii hakufoka.

"Wakubwa wananipigia simu. Kama hakuna kitu chini pale, kazi yako na yangu zitaota mbawa."

"Zikiota mbawa, tutazitazama zikiruka. Tutakuwa na macho ya kuzitazamia."

Alibaki amesimama kidogo, kisha akavuta jiwe, akaketi upande wa pili wa barabara. Hakusema kwamba amekubali. Lakini gari dogo la mafundi lilipotaka kuteremka kuchukua vifaa, ni yeye aliyelirudisha. Wapimaji wa zamu iliyofuata walipokuja kupokea barabara, Mama Joto aliwakabidhi kigoda, akawaonyesha bendera, akawaachia neno moja: mtu asipite.

Nyumbani, mama na binti walikula wakitazamana kwa kuibia. Chumba kilikuwa na meza moja na viti viwili, na ovaroli zao zilining'inia kwenye msumari mmoja, moja juu ya nyingine.

"Na kama hakuna kitu?" binti aliuliza hatimaye.

"Utanicheka. Nami nitacheka nawe. Kisha utachimba."

"Nitaitwa mtoto wa mama."

"Wewe ni mtoto wa mama. Ugonjwa huo hauna dawa."

Binti alijaribu kukunja uso, akashindwa. Akaondoa vyombo. Alipofika mlangoni alisema, akiwa amempa mama yake mgongo, "Ule mlio niliusikia."

"Najua."

Asubuhi walikusanyika nyuma ya tuta kubwa la ngazi ya juu. Mhandisi alishika kidude cha kuendeshea mtambo. Chini, kijiko cha binti kilisimama peke yake pale kilipoachwa, mkono wake umeinama kama mtu anayesali. Mtambo ulianza kuzunguka. Vyuma vikaingia ardhini, kimoja baada ya kingine, na kwa muda mrefu halikutokea lolote isipokuwa vumbi. Msimamizi aliangalia saa yake, akaingiza mkono mfukoni ili asiiangalie tena.

Kisha vyuma vikatetemeka.

Hawakusikia mlipuko, walisikia mngurumo uliotoka miguuni mwao na kupanda hadi kifuani. Nguzo nyeupe ya mvuke ilipasua mahali pa kutobolea, ikavirusha vyuma vya mtambo kama njiti. Kule konani bati la dereva wa boza liliruka juu likizunguka, pamoja na mikebe yote ya jana, na bomba la zamani likatapika tope jeusi. Tope hilo lilikimwagikia kijiko kizima. Kioo cha mbele kilipasuka. Mbele ya mashine, pale pale meno ya mkono yalipokuwa yameelekea, ardhi ilivimba, ikapasuka, ikadidimia, na maji yanayochemka yakajaa ndani yake.

Hakuna aliyeshangilia. Dereva wa boza aliketi chini, akajishika kichwa. Binti alikitazama kiti chake kupitia kioo kilichovunjika. Kilikuwa kimejaa tope linalofuka. Alitafuta mkono wa mama yake bila kugeuka, akaupata.

Msimamizi alivua kofia, akaivaa tena.

"Mama Joto," alisema, "bendera ikae hadi lini?"

"Hadi nipime."

Alipima kila siku. Ardhi ilinguruma, kisha ikalalamika, kisha ikahema kama mtu aliyelala. Mhandisi aliongeza mabomba mawili upande wa kusini, kila moja na geji yake, na kuzunguka midomo yake akaweka uzio wa chuma ambao mkebe haupenyi. Kila zamu iliagizwa kuyatazama na kuyasikiliza kabla ya mtu yeyote kuteremka. Wafanyakazi walinung'unika sana juu ya chakula cha baridi. Dereva wa boza aliapa kwamba ataleta jiko kibandani kwa mkono wake mwenyewe, na kila siku alilisahau. Binti alikwangua tope kwenye mashine yake kwa bisibisi na ndoo ya maji, hakutaka msaada wa mtu, na hakuna aliyemwita mtoto wa mama. Au waliomwita walimwita kwa upole.

Namba ziliposhuka na kutulia katika matundu yote, pamoja na lile la chini ya ukuta, mhandisi alitazama geji zake, akaitika kwa kichwa. Mama Joto aling'oa bendera nyekundu kwa mkono wake, akaikunja, akaiweka kwapani.

Binti alikuwa tayari ndani ya kijiko, nyuma ya kioo kipya. Hakuwasha injini. Alifungua dirisha.

"Mpimaji," aliita, kwa sauti ya kikazi, "naruhusiwa?"

Mama Joto alitazama mabomba yakipumua, mvuke wake ukipanda wima katika hewa tulivu.

"Umeruhusiwa, dereva."

Mkono wa chuma uliteremka, meno yakaingia ardhini, yakatoka na mzigo wa kwanza wa ngazi ya chini: udongo mweusi, wenye unyevu, usiotoa zaidi ya uzi mmoja wa mvuke. Msimamizi alihesabu lori la kwanza likiondoka. Mama Joto alipanda hadi kibandani, akaketi, akafungua mkebe wake.

Maharage yalikuwa ya baridi. Aliyala yote, akafuta mkebe kwa kipande cha mkate.